Mkaidi wa Chumba cha Mama

Mmea ule mama alikuwa ameupa jina Mkaidi, na jina lenyewe lilikuwa limeukaa. Haukutaka jua, haukutaka mbolea, haukutaka kubembelezwa. Ulikaa kwenye chungu pembeni mwa kitanda chake, majani mapana ya kijani mwaka mzima, na kazi ya binti yake ilikuwa ndogo tu: kikombe cha maji kila baada ya wiki mbili, na kuyafuta majani vumbi kwa kitambaa kibichi. Jani jipya lilitoka kwa kujivuta, moja leo, jingine mpaka usahau.

Sasa mwezi ule ukatoa majani saba. Saba! Na binti alikuwa hajaumwagia hata tone, maana homa ilimlaza wiki tatu.

"Una mkono wa heri," mama alimtania. Alikuwa hawezi miguu tangu mwaka juzi, na Mkaidi ndio uliokuwa mwenzake mchana kutwa.

"Mkono gani, mama? Mimi sijaugusa."

Hapo binti akaanza kushuku. Mmea haunenepi kwa hewa. Akainama akinyanyue chungu; hakikunyanyuka. Akalala kifudifudi, akachungulia. Mizizi ilikuwa imetoka kwenye tundu la chini, ikazama ndani ya ufa wa sakafu, minene kama vidole. Akachukua mchi, akagonga saruji pale mlangoni: ko, ko, imara. Akagonga kando ya kitanda. Sakafu ikajibu kama debe tupu, kipande cha saruji kikamegeka kikaingia ufani, na baada ya kitambo akasikia huko chini: chubwi.

Akakumbuka. Kabla ya chumba hiki, pale palikuwa na shimo la choo cha zamani. Kaka yake mkubwa, fundi mwashi anayejulikana mji mzima, ndiye aliyejenga miaka mitatu iliyopita, na aliapa mbele ya mama kwamba amelijaza mawe mpaka juu.

Akatoka chumbani kwa kunyata, akampigia simu. Kaka akaja mbio na buti zake za kazi, akasimama mlangoni kando yake.

"Kaka, lile shimo ulilijaza?"

"Maneno gani hayo? Nililijaza! Unataka kunifundisha kazi, wewe na maua yako?"

"Basi tumhamishe mama, hata kwa leo tu."

"Sihami ng'o," mama akadakia. "Nikihama, watu watasema mwanangu kanijengea kaburi. Mwanangu hawezi kunidanganya." Akamgeukia fundi, uso umemchangamka. "Njoo, baba, keti hapa kitandani, umwonyeshe huyu mwoga."

Kaka akacheka kicheko kikavu. "Buti zina matope, mama."

"Zivue."

Akainama, akalegeza kamba, akazilegeza weee, na buti hazikutoka miguuni.

Binti akamtazama, akaelewa. Miaka mitatu! Kila Jumapili analeta matunda, kila Jumapili anamwamkia mama pale pale kizingitini: mara buti, mara ana haraka, mara ana mafua asije akamwambukiza. Hakuna siku aliyoikanyaga sakafu ile aliyoimwaga kwa mkono wake mwenyewe. Na watu wakamsifu, loo, kijana ana adabu! Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya huyu ilikuwa imekwenda miaka mitatu, na mama yao amelala juu yake.

"Njoo, baba," mama akarudia, mkono ameunyoosha.

Buti haikuvuka kizingiti.

Mama aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. Mkono wake ukashuka taratibu juu ya shuka. 

"Binti yangu," akasema kwa sauti ndogo, "njoo unitoe. Vua ndara, uje polepole."

Binti akavua ndara. Alipokanyaga hatua ya pili, majani ya Mkaidi yakaanza kutetemeka, yote kwa pamoja, na dirisha lilikuwa limefungwa. Chungu kikazama kiasi cha kidole kimoja.

"Kaka, nishike mkono!"

Kaka akarudi nyuma hatua moja.