Maharagwe Yaliyomenywa

Ibtihal aliuchukia msimu wa ful kama mtu anavyomchukia jirani asiyeweza kumhama. Mashamba ya maharagwe hayo mapana yalianzia kwenye ukuta wa nyumba yakaishia lilikoishia jicho, na harufu ya maua yake iliingia mpaka vyumbani. Kila asubuhi kijiji kizima kilifunua vyungu vya ful vilivyolala kwenye majivu ya moto. Kila mpita njia aliyemwona mwanawe Shadi alitaka kumtia ganda bichi mkononi, kwa mapenzi tu. Watu wale hawakujua kumpenda mtoto bila kumlisha. Na kwa Shadi, mwenye miaka minne, ful ilikuwa sumu.

Alilijua hilo tangu mwaka uliopita, mtoto alipougua wakampeleka mjini. Daktari, mama mmoja mpole, alimweleza kwamba kila chembe nyekundu ya damu huzaliwa na mlinzi wake ndani, na chembe za Shadi zilizaliwa na mlinzi goigoi. Siku za kawaida hakuna neno. Lakini ful ina kitu kinachozishambulia chembe hizo, na zikikosa wa kuzilinda hupasuka, mtoto akaishiwa damu bila jeraha hata moja mwilini. Aepushwe na ful tu, ataishi na kuzeeka kama wenziwe. Kisha daktari akaongeza jambo moja ambalo Ibtihal hakulifikisha nyumbani: udhaifu huo mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake.

Alilimeza. Angemwambia nani? Mumewe Wahid alikuwa Kuwait kwenye kazi za ujenzi. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe, Hagga Inshirah, na ufunguo wa lango ulifungwa kwenye pindo la mtandio wake. Inshirah alikuwa pia dada mkubwa wa mama yake Ibtihal, maana huko watoto wa ndugu huoana. Lakini mama mkubwa akishageuka mama mkwe, umama hupungua na ukwe huzidi. Ingejulikana kwamba damu yenye kasoro ni yake, Wahid angetafutiwa mke mwingine, yeye angerudishwa kwao, na Shadi angebaki pale, kwenye nyumba isiyoamini kwamba ful inaua.

Kwa sababu Inshirah hakuamini hata kidogo. Aliuliza waliojenga mapiramidi walikula nini, keki? Kwake maradhi ya watoto yalikuwa na jina moja, nalo ni jicho la husuda. Mwanawe wa kwanza, Gamil, alikufa angali mdogo kabla Wahid hajazaliwa, akiwa njano kama limau. Inshirah alimjua hata mwenye jicho: Ratiba, mwanamke wa nyumba ya pili, aliyemsifu mtoto macho yake bila kumtaja Mungu. Miaka arobaini wanapishana kichochoroni, na hajamwitikia salamu.

Ilipofika Shamm en-Nasim, sikukuu ya kuipokea hewa ya machipuko, Ibtihal alimganda mwanawe kama kupe. Watu walikaa kando ya mfereji na samaki wa chumvi, mayai ya rangi, vitunguu vibichi na matita ya ful mbichi. Alimpekua mifuko. Alimnusa mdomo. Wanawake walimcheka, wakamuuliza kama mtoto yule ni yai la kuatamia. Acha wacheke. Jioni alipomlaza alishusha pumzi, akajiona ameshinda.

Siku ya pili yake Shadi alimwita kutoka chooni. Mkojo wake ulikuwa mwekundu mzito, kama chai ya maua ya karkadeh iliyochemka mno. Weupe wa macho umeingia umanjano, midomo imepauka, na moyo ulimpiga mpaka shati likatikisika.

Ibtihal alimbeba mbio hadi uani. Inshirah alikuwa ameshaona. Amekata mwanasesere wa karatasi na anamtoboa kwa sindano, kila tundu akitaja jina la mwanamke aliyemtazama mtoto kule mferejini, na la Ratiba akilirudia. Shabu ya kufukuzia jicho ilikuwa ikifuka kwenye makaa. Lango alikuwa amelifunga kwa ufunguo, mmoja wao asije akaingia kabla kazi haijaisha.

Ibtihal aliomba ufunguo. Akajibiwa kwamba hospitali watamchomachoma tu mtoto wa watu, akae chini.

"Amekula nini, Mama Mkubwa?"

"Amekula ulichompa wewe. Si ulimlinda kama dhahabu?"

Shadi aliinua kichwa begani. "Bibi alinipa ta'amiya. Jana, nyuma ya tanuri, wewe ukivaa."

Ta'amiya, na pale hata mtoto anajua kwamba ni ful tupu, imelowekwa, imesagwa na majani, imekaangwa. Inshirah hakutahayari. Daktari alikataza ful, alisema, hakukataza ta'amiya. Sumu, kama ipo, si itakuwa kwenye ganda? Na yeye aliyamenya maharagwe yote kwa kucha zake, punje kwa punje, na kilichobaki mafuta ya moto yalikimaliza. Alimwonea huruma mtoto, asiwe mnyonge siku ya sikukuu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimemla mtoto kwa huruma. Ibtihal aliutazama ukuta, akalitazama lango la chuma. Akipiga kelele watakuja majirani kusikiliza ugomvi, na lango litabaki limefungwa. Akimpokonya ufunguo, mwanamke aliyemwinulia mkono mama mkwe hana pa kurudi. Mtoto alikuwa akipumua juujuu shingoni mwake. Lilibaki lile neno alilolimeza.

"Mama Mkubwa, ugonjwa huu ni wangu. Daktari aliniambia, nikakuficha. Mtoto anaupata kwa mama yake. Mwambie Wahid. Aniache, aoe mwingine. Lakini fungua lango."

Alingoja tusi. Halikuja. Sindano ilibaki imesimama kwenye karatasi.

"Kwa mama yake," Inshirah alisema polepole. "Na wewe umeupata kwa nani?"

"Kwa mama yangu, nafikiri. Na yeye kwa mama yake."

"Mama yake ndiye mama yangu."

Akaanza kulifungua fundo la mtandio. Lilikaza, akalifungua kwa meno.

Hospitali walimtundikia Shadi damu. Adhuhuri ilipopita midomo yake ilianza kurudi rangi, na daktari alisema wangechelewa zaidi angesema maneno mengine. Ibtihal alilia akiwa amesimama. Inshirah alikaa kwenye benchi la korido; Ibtihal akaja kukaa karibu yake.

"Mkojo wa Gamil ulikuwa vile vile," alisema. "Akawa hataki kula. Nikawa nampa mchuzi wa ful kwa kijiko, apate nguvu. Alipofumba mdomo nilimfumbua kwa kidole." Akamshika Ibtihal mkono. "Niambie haikuwa ful."

Ingekuwa rahisi. Mungu ndiye ajuaye, Mama Mkubwa, jicho lipo. Maneno matamu, na bikizee angelala usiku huo. Na machipuko yajayo angekaa tena nyuma ya tanuri, akimmenyea mjukuu wake maharagwe punje kwa punje.

"Ilikuwa ful, Mama Mkubwa."

Inshirah aliuachia mkono wake. Hakulia. Aliviangalia vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja.

Mtoto aliporuhusiwa, walirudi na gari la mizigo, ful imechanua kulia na kushoto njia nzima. Kwenye kichochoro Inshirah alimpa Ibtihal ufunguo, akapita lango lake, akaenda kusimama kwenye mlango wa Ratiba. Ibtihal alifungua, akamlaza mtoto, akamfunika. Alipotoka tena, mama mkwe wake alikuwa bado pale pale, mkono ameuinua, hajabisha hodi.