Mshono wa Bergrós

Kila vuli, kondoo wakishachinjwa, jikoni kwangu huwa ni sindano na damu. Tunashona matumbo ya kondoo yawe mifuko, tunatia damu, unga na mafuta, tunachemsha, tunaweka akiba ya majira ya baridi. Mjukuu wangu Bergrós anashona tangu ana miaka sita, na mshono wake haujawahi kuachia.

Mwaka huu uliachia. Mifuko mitatu ilipasuka chunguni, maji yakawa meusi. Nikamshika vidole ili nimtanie, nikavikuta baridi kama chuma cha geti. Binti wa miaka kumi na saba, hana nguvu ya kuvuta uzi!

Nilimuuliza polepole, akasema. Hlynur, kocha wake wa jimnastiki, huwapima uzito wasichana kila Jumatatu mbele ya wenzao. Kawaambia nyama inanenepesha, waiache. Wameiacha, na mahali pake hawakupewa hata dengu. Ni tufaha na kahawa tu. Bergrós ana miezi mitano hajaona siku zake. Kocha kasema hiyo ndiyo dalili ya mwanamichezo wa kweli.

Nilichemka kuliko kile chungu. Daktari alimpima: damu haba, misuli imepungua, mifupa imeanza kudhoofu. Akasema wapo wasiokula nyama na afya wanayo, ila wao hula kitu kingine cha kuwajenga. Akamkataza kuruka mpaka apone. Bergrós akalia, maana mashindano yalikuwa karibu.

Jumatatu nilikwenda naye ukumbini, nikasimama kando ya mizani.

"Kocha, kitendawili."

"Bibi, tuna kazi hapa."

"Na mimi kazi ninayo. Nyumba yangu imekuwa nyepesi, fundi anashangilia. Kimetoka nini?"

Akacheka, akasema labda takataka. Wasichana kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni, wakisubiri kupimwa.

"Nguzo," alisema Bergrós.

Anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Mji wake sikuutaka. Nilibeba ile mizani kwapani, nikaitua mezani kwa mwenyekiti wa klabu, na juu yake barua ya daktari. Wasichana wawili walinifungulia mlango.

Mashindano yalimpita. Jioni ya siku hiyo alikula vipande viwili vya mfuko wa damu uliosalimika chunguni, kaunyunyizia sukari kama alipokuwa mdogo. Mshono wake bado unaachia. Tunafumua, tunashona tena.