Kidole cha Shahada

"Leo tunaanza kodi ya kufunga," dada alisema.

"Ya nyumba au ya soko?" mdogo wake aliuliza. Wakacheka.

Dada alikuwa fundi cherehani. Mchana, wateja walipopungua, alimfundisha mdogo wake, waliyemwita Sindano kwa wembamba, gitaa na kodi zake, yaani nyuzi kadhaa zinazolia pamoja. Alikilaza kidole cha shahada cha Sindano juu ya nyuzi zote sita, vidole vingine vikashika umbo mbele yake.

"Bana mpaka ilie. Ukiipata, usibadili vidole, sogeza mkono mzima. Hapa ni nyumbani. Panda vijumba vitano, hizi nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, halafu viwili tena, halafu rudi nyumbani."

Nyuzi zilikoroma, zikakoroma tena, kisha zikalia. Sindano alizunguka kodi zote tatu huku akiimba kwa pua.

Mume wa Sindano, mchinjaji, alikuwa mlangoni na aproni yenye damu.

"Nilikukataza nini?"

"Shemeji, kaa kwanza," dada alisema.

Hakukaa. Alinyakua gitaa akalipasua ukutani, akamburura mkewe kwa nywele, akaubana mkono wake wa kushoto juu ya meza ya dada ya kukatia nguo.

"Ndicho hiki kidole kinachokutoa nyumbani?"

Akakikunja kinyumenyume mpaka kikavunjika.

Dada aliinua pasi ya mkaa akamtwanga nayo sikioni. Makaa yakamwagika, ngozi ikanuka. Mchinjaji aliyumba, lakini akamkaba dada koo, akamgandamiza ukutani mpaka macho yakamtoka. Sindano akaokota pasi kwa mkono wa kulia, akampiga utosini. Mumewe akaanguka. Akampiga tena, na tena, mpaka dada akamkumbatia kwa nyuma.

"Basi, mdogo wangu. Amekwisha."

Polisi walipofika, dada alinyoosha mikono. "Ni mimi peke yangu," alisema, akimkazia macho Sindano.

Sindano alinyamaza. Kidole kilipona kimepinda. Mama yao alimsihi aache mambo yalivyo. "Mkubwa ni jalala, mwanangu. Dada yako amekubali kubeba."

Siku ya kesi, Sindano alisimama bila kuitwa. "Dada alimpiga mara moja tu, akiniokoa mimi. Aliyemuua ni mimi."

Dada aliachiwa. Sindano akafungwa miaka minne.

Siku ya kwanza ya kumtembelea, dada alishika vyuma vya dirisha akilia. "Mjinga wewe, kwa nini hukuniachia?"

"Pigo la kwanza nilikuwa nakuokoa, dada," Sindano alisema. "Yale mengine nilitaka mwenyewe."