Mafua Ndani ya Tangi

Asubuhi ile Senga Baird aliamka na mafua, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwonya mumewe asimwambie mtu.

"Nimwambie nani?" mumewe akauliza. "Kondoo?"

"Yule Lachlan wa kituoni. Ukinishusha pale usitoe neno. Ukiulizwa, mimi mzima."

Mzima hakuwa. Ugonjwa wa uchovu ulikuwa umemshika tangu baridi ya mwaka juzi, uchovu usiosikia usingizi wala supu. Mwanamke aliyewahi kuendesha jiko la shule nzima kwa sauti yake peke yake sasa alikuwa akipumzika katikati ya ngazi za nyumbani kwake kama mzigo uliosahauliwa. Madaktari walimpa pole. Waliompa kiti ni watu wa kituo cha hisani nyuma ya soko la samaki: kiti ndani ya tangi kubwa la chuma, ambamo wagonjwa hufungiwa, hewa ikashindiliwa, nao wakavuta oksijeni kwa barakoa. Kama inatibu au haitibu, wataalamu bado wanabishana. Alichojua Senga ni kwamba wiki iliyopita alipanda ngazi zake bila kukaa, akafika juu na nguvu za kumgombeza binti yake kuhusu taulo zilizotupwa sakafuni. Hakuwa amegomba vizuri namna ile mwaka mzima.

Sharti la kituo lilikuwa moja. Mwenye mafua haingii, maana pua ikiziba, masikio hayastahimili presha. Na anayekosa zamu, kiti chake hupewa anayesubiri. Aliyekuwa akisubiri ni Morna Geddes, mwalimu mstaafu, ambaye kila Jumanne alikuja na sweta lake la kufuma akakaa karibu na birika la chai, huenda mtu asitokee.

"Wote wazima?" akauliza Lachlan, mzamiaji wa zamani wa visima vya mafuta vya baharini, ambaye sasa aliendesha tangi kwa kujitolea.

"Wazima," wakajibu watatu: Senga, Fergus fundi bomba, na Ailsa mke wa mchungaji.

Mlango ukafungwa, hewa ikaanza kuvuma. Senga akabana pua, akapuliza. Wapi. Akameza mate. Wapi. Sikio la kushoto lilianza kama mtu anayebisha hodi, kisha kama mtu anayevunja mlango.

"Masikio vipi?" Lachlan akauliza kwenye spika.

"Safi," akasema Fergus, machozi yakimlengalenga.

"Hayana neno, asante," akasema Ailsa, mweupe kama unga.

Kwa watu wa mji ule, kulalamika mbele za watu ni sawa na kuvua nguo kanisani. Mtu huvunjika mguu akasema umemsumbua kidogo. Na humo tangini ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mmoja akisema anaumia, presha hushushwa kwa wote.

Kisha Ailsa akapiga chafya, ndogo, ya kikanisa. Fergus akafuata na ya kifundi bomba.

"Una mafua wewe," Senga akasema.

"Vumbi tu."

"Vumbi gani humu? Fergus, nimelea watoto watatu. Kamasi naijua kwa sauti."

"Na hiyo pua yako mbona nyekundu?"

"Nina mafua tangu alfajiri. Nimedanganya."

Ailsa akainamisha macho. "Mimi tangu Jumapili. Sikutaka kumsumbua Lachlan."

"Kwa hiyo tumekaa humu masikio yanataka kupasuka, kila mmoja anamwonea haya mwenzake?"

"Ukiisema hivyo," Fergus akasema, "inasikika vibaya."

Senga aliziwaza ngazi zake. Angeweza kunyamaza. Sikio likampiga tena.

"Lachlan, tutoe. Humu hakuna mzima hata mmoja."

Lachlan aliwatoa polepole, kisha akafuta viti vyote kwa dawa, kwa hasira.

"Nimezama na wanaume wasioogopa kufa," akasema, "na hawakunidanganya kama ninyi. Anayesubiri ni mmoja tu, na wewe, Senga, ndiye uliyejiunga nasi mwisho. Kiti chako ni cha Morna."

Morna akainuka nusu. "Ah, hapana. Senga ana haja nacho kuliko mimi."

"Kaingie, Morna," Senga akasema.

"Hapana, kweli. Nitasubiri."

Huko mtu akipewa kitu hukataa mara mbili, akapokea mara ya tatu. Senga aliijua desturi hiyo. Alijua pia kwamba yeye asipotamka mara ya tatu, Morna ataketi kwa adabu zake, na kiti kitabaki chake bila dhambi. Akanyamaza.

Morna akaketi. Hakuketi kwa kutaka. Aliketi kwa kuishiwa, mkono ukipapasa ukingo wa meza, na kuketi kwa namna hiyo Senga alikujua vizuri.

"Morna, sikubembelezi tena. Ukikataa sasa, kile kiti nakichukua mpaka nife, na sitakuonea huruma hata siku moja."

Morna akatupa sweta, akaingia tangini kwa mwendo ambao haukuwa wa mgonjwa. "Asante," akasema, barakoa tayari usoni.

"Angalau angejivuta kidogo," Senga akanung'unika.

Lachlan akafunga mlango. "Kiti kingine labda kiangazi. Utasubiri?"

"Mafua yakiisha nitasubiri hapahapa, kila Jumanne," Senga akasema, akivuta kile kiti cha Morna cha karibu na birika. "Na huyo akipiga chafya hata moja, nitakuita."