Halijawahi Kulala na Njaa

Baba mkwe wangu si muongo. Afadhali angekuwa muongo, ningepiga kelele nikapumua. Siku alipotuuzia gari lake, mimi na mume wangu, alisimama mbele yake, kiganja juu ya boneti kama anaapa, akasema: "Gari hili halijawahi kulala na njaa." Na ni kweli tupu. Kila Ijumaa alikuwa analiosha, anafungua boneti, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anaongeza. Mtaa mzima unajua. Viti mpaka leo vina nailoni za dukani. Sisi tukaona tumeokota dodo chini ya mnazi.

Aliliuza kwa sababu macho yalikuwa yameingia ukungu na figo zimegoma. Sharti lake lilikuwa moja: nimpeleke hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mume wangu kazi yake iko mbali, kwa hiyo dereva ni mimi, mshona mapazia. Basi la abiria mzee hapandi. Miguu imevimba, zile ngazi haziwezi. Teksi kila safari, tungekula nini? Na pale hospitali mashine ni chache. Ukichelewa, kiti anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Alipokosa zamu moja mwaka jana alivimba hadi usoni, pumzi ikawa ya kuvuta kwa kamba. Sitaki kuiona tena ile siku.

Basi Jumatano moja taa nyekundu ya oili ikaanza kunikonyeza kwenye kona. Tulipotoka hospitali nikapitia gereji, kwa fundi anayeitwa Kobe, jina alilolipata kwa haki kabisa. Baba akabaki kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, anasikiliza redio.

Kobe akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaingiza kidole. Kilitoka kimevaa tope jeusi, zito, kama uji ulioungulia sufuriani.

"Lo! Nani alikuwa analifanyia sevisi hili?"

"Mimi mwenyewe!" Baba akajibu kutoka ndani, kifua mbele. "Kila Ijumaa naongeza."

"Unaongeza. Na ile ya zamani unamwaga lini, mzee?"

"Nimwage kwa nini? Oili nzima?"

Kobe akanitazama. Nikamkata jicho, akameza maneno yake. Halafu akanivuta nyuma ya gari, akaninong'oneza: "Dada, huyu mzee miaka yote analilisha tu. Hajawahi kulipeleka choo."

Nilicheka. Jamani, nilicheka kweli, halafu nikaziba mdomo Baba asisikie.

"Sasa tunafanyaje?"

"Likikaa hivi, litakufa. Nikiweka oili mpya, itaanza kuyaosha haya matope, yatabanduka, yatashuka kuziba chujio kule chini. Hapo linaweza kufa, linaweza lisife. Dawa yake hasa ni kushusha injini, tuifungue, tuisafishe kipande kwa kipande. Niachie wiki mbili."

"Na wiki mbili hizo nimbebe mzee mgongoni?"

"Mimi si mganga, dada."

"Wiki mbili zako wewe ni miezi miwili, Kobe."

Akacheka, akafuta kile kidole kwenye suruali.

Nikampigia mume wangu. "Badilisheni oili tu, uendeshe polepole," akasema. "Na Baba usimwambie. Utamvunja moyo." Rahisi kusema ukiwa huko. Lakini hata bila yeye kunikataza, ningeanzia wapi? Baba mkwe hasutwi. Mtu amekukabidhi kitu alichokipenda, umwambie amekiua kwa mikono yake mwenyewe?

Kobe akamwaga alichoweza; kilitoka kwa kujivuta, kinakatika, kinajivuta tena. Akaweka oili mpya. Akanionya: taa ikiwaka bila kuzima, zima injini papo hapo, usisogee hata hatua.

"Fundi kasemaje?" Baba akaniuliza tulipoondoka.

"Kasema limechoka kidogo, Baba."

"Limechoka? Limeshiba!" Akacheka peke yake hadi nyumbani.

Ijumaa tukaenda, tukarudi. Nikaanza kujidanganya kwamba Kobe anapenda kutisha watu.

Jumatatu, kwenye mwinuko wa kabla ya hospitali, taa haikukonyeza. Ilikodoa. Nilipaswa kuzima, najua. Lakini hospitali ilikuwa inaonekana, lile tangi lake la maji juu ya paa, nikasema tusogee tu kidogo, kidogo tu. Nikakanyaga mafuta. Chini ya miguu yetu kukaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mgeni mwenye haraka mlangoni.

"Sauti hiyo ya nini?" Baba akauliza.

"Barabara mbovu, Baba."

Barabara ilikuwa lami tupu, na hata asiyeona anaijua lami. Akatega sikio. Gari likatikisika, likakoroma, likazima.

Nikavuta breki ya mkono. Kobe hapokei simu. Wa teksi akasema, "Nakuja, niko hapo karibu," huku nasikia maji ya kuoga yakimwagika nyuma yake. Nikampigia nesi. "Mama, tutamngoja kidogo tu. Kuna mgonjwa hapa hana zamu, ameshasogea karibu na kiti." Nikaiangalia miguu ya Baba ndani ya ndala, imejaa hadi vidole vimesimama, nikauangalia na ule mwinuko. Magari yalitupigia honi. Nilitaka kupiga yowe katikati ya barabara. Basi, nikasema moyoni, liwalo na liwe, namwambia yote. Nikafungua mdomo.

Baba alikuwa ameinama anapapasa chini ya kiti. Akainuka na chupa ya oili, imefungwa kwa kile kitambaa chake cha siku zote.

"Ijumaa hamkuliongeza," akasema kwa upole, kama anamsamehe mtoto. "Nilitega sikio, boneti haikufunguliwa. Nikasema, vijana wana mambo mengi. Usijali, mwanangu. Hii niliiweka kwa siku kama ya leo. Liongeze, twende."

Nikaipokea. Ningefanya nini? Nikafungua boneti, joto likanipiga usoni, nikamimina. Oili safi ikashuka ndani ya ule weusi, ikapotea.

"Kidogo kidogo!" akaniita. "Lisije likapaliwa!"

Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Namba ya hospitali. Nilijua watakachosema, nikaiacha itetemeke mpaka ikachoka. Nikarudi kwenye usukani, nikageuza ufunguo. Tk. Nikageuza tena. Tk.

"Limekunywa?" Baba akauliza.

"Limekunywa, Baba."

"Basi litaamka sasa hivi. Halijawahi kuniangusha."

Akavuta mkanda, akaufunga, akaweka mikono mapajani, akakaa tayari kwa safari.