Ombi la Mama Chesang

Chesang alikuwa na miaka kumi na minne alipomwambia mama yake kwamba kuna asubuhi anaamka akitamani asingeamka. Walikuwa jikoni kwao Kiamunyi wakimenya viazi. Mama aliweka kisu chini, akamkumbatia, akalia. Kisha akampeleka kwa mshauri mjini, Bi Waithera, aliyewaambia wote wawili: "Chesang anahitaji mtu nyumbani wa kumwambia kila kitu. Na akikwambia, mama, yabaki kwenu." Mama akaapa. Chesang akamwamini, na kwa nini asimwamini? Si mama yake?

Lakini kuna watu Mungu aliwapa moyo mzuri akasahau kuwapa kufuli ya mdomo. Alhamisi moja ushirika wa akina mama wa kanisa ulikuwa kwao. Chesang alikuwa akimimina chai huku mahitaji ya maombi yakizunguka sebuleni: goti la huyu, kazi ya mtoto wa yule. Zamu ikafika kwa mwenye nyumba.

"Akina mama, nisaidieni na huyu msichana wangu," alisema, machozi yakimtoka. "Anataka kufa. Hata tumeanza kumpeleka counselling."

Huko ndiko kumwaga mtama penye kuku wengi! Mama Kiplimo, ambaye mwanawe anasoma darasa moja na Chesang, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama. Wakamzunguka Chesang, wakamwekea mikono kichwani, birika bado mkononi mwake. Chesang aliona kama amevuliwa nguo mbele za watu, na aliyemvua ni mama.

Wageni walipoondoka alisema, "Mum, uliniahidi."

"Kwani nimekusengenya? Nimekuombea! Maombi si udaku, Chesang."

Chesang alikwenda kuosha vikombe. Jumatatu, darasani, wasichana walinyamaza alipoingia.

Jumamosi walirudi kwa Bi Waithera. Asubuhi hiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na Chesang alikuja akitaka kuisema. Kisha akamtazama mama, aliyeketi kando yake, masikio wazi.

"Zile asubuhi zikoje?" Bi Waithera aliuliza.

"Ziliisha. Niko sawa siku hizi."

"Bwana asifiwe!" Mama aliruka kitini. Alitoa simu palepale, akaanza kuwaandikia akina mama kwamba Mungu amejibu.