Harufu ya Mama Samaki

"Mama, naomba nikunuse," daktari alisema.

Mama Samaki akaushika mtandio wake kwa mikono miwili. Maishani mwake ameombwa mengi: ameombwa apunguze bei, ameombwa asogee pembeni, ameombwa ashuke apande gari linalofuata. Kuombwa anuswe, hapana, hilo lilikuwa geni.

"Uninuse wapi, mwanangu?"

"Shingoni tu. Na kiganja."

Daktari, binti mdogo ambaye miwani yake haikuacha kumteleza puani, akazunguka meza, akainama, akavuta pumzi taratibu kama mtu anayepima mchuzi kabla ya kuutia chumvi. Hakukunja uso. Mama Samaki ndiye aliyefumba macho, aibu imempanda mpaka masikioni. Daktari akarudi kitini, akaigusa karatasi ya majibu ya mkojo iliyotoka maabara asubuhi ile.

"Si uchafu," alisema. "Na si samaki wa sokoni."

Loo! Hapo ndipo palipokuwa penyewe. Maana miaka yote ile kilichomweka mjini Mama Samaki si kuuza samaki. Ni watu kuamini kwamba ni samaki.

Harufu ilimwanza akiwa msichana, kifua ndiyo kwanza kinaota. Yeye mwenyewe haisikii, hata leo. Aliijua kwa nyuso za watu. Akaoga asubuhi, akaoga mchana, akajisugua ndimu mpaka ngozi ikawaka moto, na bado dawati lake darasani likawa la mtu mmoja. Shangazi yake akamwambia mbele ya wageni, "Wewe mtoto, hivi hujui kujisafisha?" Wageni wakacheka. Kisha siku moja alitumwa sokoni, akasimama kwenye meza za samaki, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Hata mmoja! Basi akabaki palepale. Akaomba kazi ya kupara magamba, baadaye akapata meza yake, akapata na jina. Mtu akikunja pua, mwenzake humnong'oneza, "Si Mama Samaki huyo," na mambo yakaishia hapo. Akaolewa na fundi wa kupaka rangi magari, mtu mwema ambaye pua yake ilikwisha kufa kwa rangi za kupuliza. "Mke wangu unanukia tu," alikuwa akimwambia. Mungu amrehemu, alisema alichokijua.

Aliyeumia ni binti yao. Shuleni walimbandika jina la Dagaa, na watoto wakiamua kumkera mtu hawachoki. Alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu. "Mama, kwani lazima samaki? Si uuze hata nyanya?"

"Nyanya zinaoza," mama humjibu, akageuka kunoa kisu.

Angemwambia nini? Kwamba akihamia nyanya, watu watauliza kwa nini nyanya zinanuka samaki? Akamwacha mtoto aamini kwamba mama yake anawapenda samaki kuliko yeye. Hilo lilimwaibisha kuliko harufu yenyewe, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa binti anaolewa, Jumamosi hii. Kama mwezi mmoja nyuma alikwenda sokoni mwenyewe, akaigawa ile meza kwa jirani, akachukua visu na mizani, akasema, "Mama, mpaka harusi ipite. Nakuomba hilo tu." Mama Samaki akakubali. Siku zikapita, wiki zikapita, sabuni zikaisha. Harufu ikagoma kuondoka. Juzi binti akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake, akaziba pua kwa ukingo wa khanga.

"Unakwenda sokoni kwa siri," alisema. "Hata mwezi mmoja, mama! Hata mwezi mmoja hukuweza kwa ajili yangu?"

Na binti, kwa uchungu, akamaliza maneno: siku ya harusi Mama Mdogo ndiye atakayekaa kwenye kiti cha mama. "Wewe kaa nyuma, karibu na mlango. Pana upepo."

Hivi sasa binti huyo alikuwa nje ya chumba cha daktari, simu sikioni, anapanga mambo ya maua. Alimsindikiza mama yake kliniki akijua ni maumivu ya miguu. Na kweli mara ya kwanza ilikuwa ni miguu, mpaka daktari alipouliza, "Bado unauza samaki?" akajibiwa, "Nimeacha," akaiweka kalamu chini, akaagiza mkojo upimwe.

"Ugonjwa huu upo," daktari aliendelea. "Ni wa kuzaliwa nao. Kuna kitu kwenye chakula ambacho ini la mtu mwingine hukivunja, lako halikivunji. Kinatoka na jasho, kinatoka na pumzi. Wenye hali hii ni wachache, ndiyo maana hata sisi wengi tunaupita bila kuuona. Unapenda kula nini?"

"Samaki. Wale wanaobaki, nitawatupa? Tangu niache nakula mayai. Maharage. Na maini nikiyapata."

Daktari akavua miwani. "Mama," alisema kwa upole, "hivyo vyote ndivyo vinavyouchochea. Samaki wa baharini hasa."

Mama Samaki akamtazama. Kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea. Alijificha nyuma ya meza ile, na jioni akawa anaubeba ugonjwa nyumbani, anaukaanga, anaulamba na vidole.

"Unapona?"

"Hauponi. Unapungua. Utabadilisha chakula, nitakupa sabuni ya aina yake. Watu watakusogelea." Daktari akasita. "Nina ombi. Ningependa kuandika kisa chako, bila jina lako, madaktari wengine wasome. Na hapo chumba cha pili nina wanafunzi. Kitabuni wameusoma, lakini pua zao haziujui. Ukikubali, waingie wakunuse. Ukikataa, hakuna neno, matibabu yako ni yaleyale."

Ilikuwa kama kuambiwa avue nguo barabarani. Mama Samaki akatazama sakafu, akatazama vidole vyake vyenye makovu ya mapezi. Akawafikiria wasichana wengine, kila mmoja peke yake kwenye dawati, wanajisugua ndimu.

"Waje," alisema. "Ila mwite na mwanangu."

"Una uhakika?"

"Tukiwa wawili nitamdanganya tena. Nimezoea. Mbele za watu sitaweza."

Wakaingia wanafunzi wenye makoti meupe, na nyuma yao binti, simu bado mkononi. "Mama, kuna nini? Miguu imekuwaje?" Daktari akaeleza, polepole, kwa lugha ya mtu yeyote: ini, chakula, jasho, kuzaliwa nao. Akasema kuoga hakuutoi. Akasema hata mgonjwa asipogusa samaki, hata akikaa mwezi mzima bila kukanyaga sokoni, harufu itakuwepo.

Binti akaishusha simu.

"Haya, mmoja mmoja," daktari akawaambia wanafunzi.

Wakapita. Wa kwanza alikuja amebana pumzi, mashavu yamemvimba. "Wewe, pumua!" daktari akamkemea. "Utaandika nini, hewa ya kwenu?" Wenzake wakacheka, na Mama Samaki naye akajikuta anacheka, huku machozi yanamtoka. Akawanyooshea kiganja mmoja baada ya mwingine. Hakuthubutu kumtazama binti yake. Alimsikia tu akifungua mlango, akatoka.

Alipomaliza akamkuta kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, kichwa ameinamisha. Mama Samaki akakaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya kutosha watu wawili.

"Ulijua tangu lini?" binti akauliza.

"Kwamba si samaki? Tangu sijakuzaa."

"Na ukaniacha nikuchukie."

"Ilikuwa afadhali," mama akasema. "Ungewaambia nini wenzako? Mama yangu anauza samaki, linasemeka. Mama yangu ananuka tu, hilo mtoto atalisemaje?"

Binti akafuta uso kwa kiganja. "Nilikwambia ukae mlangoni," alisema. "Mama, mimi! Nilikwambia ukae mlangoni."

"Pana upepo," mama akamjibu taratibu, bila kinyongo, na hilo ndilo lililomchoma binti zaidi.

Akasogea. Mama Samaki naye akasogea, ampishe. Binti akasogea tena.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nakupisha."

"Nani kakwambia nataka kupita?"

Benchi likaisha, upande ule kulikuwa na ukuta tu, na Mama Samaki akabanwa hapo, bega la binti yake limegusa la kwake, hajui auweke wapi mkono. Simu ikaanza kuita mapajani mwa binti. Kwenye kioo lilikuwa jina la Mama Mdogo. Wote wawili wakalitazama, na simu ikaendelea kuita.